RIMOTI YA GARI: IKIKATAA USIKU, UFANYE NINI?

Mmezoea kusoma katika ukurasa huu habari za mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vikundi vya akiba. Mara hii tunaandika juu ya kidude kidogo kinachoingia mfukoni, yaani rimoti ya gari. Huenda mtu akauliza, je, hayo ni maendeleo ya jamii? Ngoja tueleze yaliyotupata, kisha mtajionea wenyewe.

Mwaka 2021, kwa harambee ya jumuiya zote ndogo ndogo, parokia yetu ilinunua gari la viti saba lililokuwa limetumika Japani. Gari hilo halina ufunguo wa kuzungusha. Lina rimoti, nawe ukiwa nayo mfukoni unashika mlango unafunguka, unakanyaga breki, unafinya kitufe na injini inawaka. Tulifurahi. Gari lilibeba maiti, likabeba mahindi, likabeba kwaya, na usiku likawa ndilo ambulansi ya zahanati yetu.

Usiku mmoja wa Machi 2023, mnamo saa saba, mama mmoja aliyekuwa akijifungua alianza kutokwa na damu nyingi. Sista wa zamu akaamua apelekwe hospitali kubwa mara moja. Dereva akaitwa. Baada ya muda akarudi mlangoni mikono mitupu.

"Sista, gari imekataa."

"Imekataa aje?"

"Hata mlango haufunguki. Nimefinya mpaka kidole kinauma. Nadhani betri ya gari imekufa."

Basi fundi wa stima za gari akapigiwa simu kule mjini, naye akaja kwa bodaboda na waya zake za kujampu. Ilikuwa imepita saa nzima na robo. Hakuzifungua hata hizo waya. Alichukua rimoti, akasukuma kijilimi kidogo cha pembeni, akavuta kijiufunguo cha chuma kilichofichwa humo ndani, akafungua mlango. Taa ya ndani ikawaka vizuri tu! Betri ya gari haikuwa na shida yoyote. Akaketi, akakanyaga breki, akagusisha rimoti kwenye kile kitufe cha kuwashia, gari likalia "pii", akafinya, injini ikawaka. Kazi yote haikumaliza dakika mbili.

Mama alifika, akafanyiwa upasuaji, na yeye na mtoto wako hai. Daktari aliyempokea hakutuficha, alisema wangechelewa zaidi kidogo angekuwa anazungumza nasi mambo mengine. Na jambo linalotusumbua mpaka leo ni hili: dereva alikuwa ametuambia wiki mbili kabla kwamba kuna taa inawaka kwenye dashibodi inayoonyesha rimoti imeishiwa nguvu. Sisi wa ofisi tuliweka ombi lake pamoja na mengine ya kungoja mwisho wa mwezi. Betri hiyo ni bei ya soda mbili au tatu. Tulikwenda kuiomba radhi familia ile, na tunayaandika haya ili parokia nyingine na watu wenye magari wasipitie njia hiyo.

VITU VITATU NDANI YA KIDUDE KIMOJA

Wengi wetu tunafikiri rimoti ni kitu kimoja. La. Ndani yake mna vitu vitatu, kila kimoja na kazi yake, na mara nyingi kinachokufa ni kimoja tu.

Cha kwanza ni redio ndogo. Hii ndiyo inayotuma mawimbi ya kufunga na kufungua milango, na hii ndiyo inayokula betri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia mawimbi ya karibu megahezi 315, na yale ya Ulaya mengi hutumia 433.92. Ndiyo maana unaweza kununua rimoti inayofanana kabisa na yako, hata nembo ni hiyo hiyo, na gari lisiijue. Kabla ya kulipa, mwonyeshe fundi ile ya zamani asome namba zilizo ndani.

Cha pili ni chipu ndogo isiyo na betri kabisa. Kazi yake ni kuliambia gari, "mimi ndimi mwenyewe." Ukiikaribisha kwenye usukani au kwenye kitufe cha kuwashia, gari lenyewe huipa nguvu kidogo kwa njia ya koili ya waya, nayo hujibu kwa namba yake ya siri. Namba isipolingana, injini haitawaka hata ufunguo wa chuma ukiingia na kuzunguka vizuri. Mafundi huita mtambo huo imobilaiza. Kwa kuwa chipu haihitaji betri, rimoti iliyokufa bado inaweza kuwasha gari. Hilo ndilo jambo tusilolijua usiku ule.

Cha tatu ni chuma. Hata rimoti ya kisasa isiyo na ufunguo wa kuonekana kwa kawaida huwa na kijiufunguo ndani kwa ajili ya mlango wa dereva. Tafuta kijilimi au kitufe kidogo cha pembeni, sukuma, vuta. Tundu la mlango nalo mara nyingine limefunikwa kwa plastiki kando ya mkono wa mlango, itabidi uibandue pole pole. Ukifungua kwa chuma alamu inaweza kupiga kelele. Usitishike. Injini ikiwaka itanyamaza.

Ukishakaa ndani hakikisha gia iko kwenye P, kanyaga breki, shika rimoti na kuigusisha kwenye kitufe cha kuwashia, subiri ishara, halafu finya kitufe. Katika Toyota upande wenye nembo ndio unaogusa kitufe. Magari mengine yana kijitundu cha kuchomekea rimoti, na machache yana alama mahali pengine karibu na usukani. Jaribu leo mchana, gari likiwa zima na wewe huna haraka. Usingoje usiku wa mvua.

IKIKATAA, TAFUTA NI NANI MGONJWA

Anza na rimoti ya pili, kama unayo. Ya pili ikifungua milango, basi gari ni zima na ya kwanza ndiyo yenye taabu. Zote mbili zikikataa, fungua kwa chuma utazame taa ya ndani. Taa ikiwa haiwaki au inafifia, betri kubwa ya gari ndiyo imekwisha, na hapo ndipo waya za kujampu zinahitajika. Taa ikiwaka kwa nguvu, gusisha rimoti kwenye kitufe kama tulivyoeleza.

Kuna wale wanaoielekeza rimoti kwenye kamera ya simu waone kama inatoa mwanga. Njia hiyo ni ya rimoti za televisheni. Ya gari la siku hizi hutumia mawimbi ya redio, hutaona kitu hata ikiwa nzima kabisa.

Mara nyingine rimoti na gari vyote ni vizima, shida ni mahali. Ukiegesha karibu na mnara wa redio au wa simu, mawimbi makubwa huyafunika yale madogo. Sogea karibu zaidi na mlango, au tumia chuma. Simu yako nayo ikilala mfuko mmoja na rimoti inaweza kuzuia gari lisiisikie. Tena rimoti ya aina hii haipumziki, kila wakati inasikiliza kama gari linaiita, na ukiiweka juu ya televisheni, kompyuta au kando ya chaja ya simu itachoka mapema. Betri yake hukaa mwaka mmoja hadi miwili hivi. Ukiona imeanza kufungua ukiwa karibu tu, na zamani ilifungua ukiwa mbali, imekuambia.

Halafu kuna watoto. Rimoti haitumi namba moja kila siku. Kila unapofinya, namba hubadilika, na gari hutarajia ile inayofuata, ili mwizi aliyenasa ya jana asiweze kuitumia leo. Mtoto akikaa nayo nyumbani akafinya mara mia, rimoti inaweza kutangulia mbele mno na gari likaacha kuitambua. Magari mengi hupatana nayo tena ukiwasha injini kwa ufunguo ule ule au ukifinya mara kadhaa ukiwa karibu. Mengine hutaka fundi mwenye kompyuta.

KUBADILISHA BETRI

Kazi hii haihitaji fundi. Toa ule ufunguo wa chuma, kisha utaona mahali pa kupenyeza bisibisi bapa, ambayo umeizungushia kitambaa ili isikwaruze. Fungua taratibu. Kabla hujatoa betri ya zamani, tazama ni upande gani wenye alama ya kujumlisha unaotazama juu, na usome namba yake. CR2032 maana yake ni upana milimita 20 na unene milimita 3.2. CR1632 ina upana wa milimita 16 na unene ule ule. CR2025 inatoshea katika nafasi ya 2032, lakini ni nyembamba, itagusa leo na kesho itaachia. Nunua namba ile ile, na iwe ndani ya pakiti yake. Zile zinazouzwa zikiwa zimetapakaa kwenye trei pamoja na misumari zimekwisha kupoteza nguvu kwa kugusana.

Ukiona kutu ya kijani, futa vyuma kwa pamba yenye spiriti kidogo. Rimoti iliyoingia maji, au iliyofuliwa pamoja na suruali ya mzee, itolewe betri mara moja, ifutwe kwa spiriti na kuachwa wazi kivulini siku mbili. Msiianike juani wala kuiweka juu ya jiko.

KUWASHA GARI UKIWA MBALI

Sasa kuna jambo jingine ambalo waumini kadhaa wametuuliza, hasa waliofungiwa alamu mpya: rimoti inayowasha injini ukiwa bado sebuleni. Kitu hiki kilipendwa kule Kanada, kaskazini mwa Marekani na Hokkaido huko Japani, ambako wakati wa baridi gari hufunikwa na theluji na watu hutaka kioo kiyeyuke barafu kabla hawajatoka. Hapa kwetu, mtu wa Limuru au Nyahururu atasema anapasha injini moto, na wa Mombasa atasema anapooza kiti. Sawa. Lakini yafaa mjue kinavyofanya kazi.

Kwa kawaida unafunga milango kwanza kwa rimoti, kisha unafinya na kushikilia kitufe cha kuwasha, au unakifinya mara mbili, kutegemea na aina. Taa za nje humulika kukujulisha. Injini hunguruma dakika 10 au 15 hivi, na usipotokea hujizima. Ukiingia ni lazima uwe na rimoti, ukanyage breki na ukamilishe kuwasha, la sivyo gari halitakubali kuondoka.

Likikataa kuwaka kwa mbali, usikimbilie kumlaumu fundi. Mtambo huu umewekewa masharti makusudi. Mlango mmoja haukufungika sawasawa, boneti imeachia kidogo, gia haiko kwenye P, taa za hatari zimeachwa zikiwaka, mafuta ni kidogo, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi: lolote kati ya hayo laweza kuzuia. Mengi pia hukubali mara mbili tu mfululizo, kisha hutaka uwashe mwenyewe ukiwa ndani. Tumeona jamaa mmoja akibadilisha betri ya rimoti mara tatu, kumbe ni swichi ndogo ya boneti iliyojaa matope.

Hiyo swichi ya boneti tunaomba msikubali kamwe iondolewe. Fundi mvivu anaweza kuikata waya "ili isisumbue". Sasa fikiria kijana ameinama akikaza mkanda wa feni, na mtu ndani ya nyumba amekalia rimoti.

Na gari la gia za mkono tafadhali liacheni kando ya mambo haya. Likiwa limeegeshwa ndani ya gia, stata ikizunguka gari huruka mbele, nawe hauko kwenye usukani. Mbele yake anaweza kuwa ukuta, anaweza kuwa mtoto.

Kuna tena hila moja ambayo wenye magari wengi hawaambiwi. Kwa kuwa gari lina imobilaiza, halitawaka bila ile chipu. Ili kuwasha kwa mbali, mafundi wengine huomba ufunguo wako wa pili, hutoa chipu na kuizika ndani ya dashibodi karibu na usukani. Gari linawaka, nawe unafurahi, lakini kinga uliyouziwa pamoja na gari umeiondoa. Mwizi akivunja kioo anakuta gari lina ufunguo wake ndani. Muulize fundi mapema, "Chipu utaweka wapi?" Vipo vifaa vinavyoiga chipu wakati wa kuwasha kwa mbali tu, ni ghali zaidi. Kwa maoni yetu, mtu asiyeweza kulipia hivyo afadhali atembee hadi kwenye gari lake awashe kwa mkono.

MOSHI USIOONEKANA

Kila mwaka katika msimu wa baridi tunazika watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi inayowaua, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye ekzosi ya gari. Nyumba nyingi zinazojengwa sasa zina gereji iliyoshikana na jikoni au chumba cha kulala. Rimoti ikifinywa mfukoni kwa bahati mbaya, gari linawaka gerejini na hakuna anayesikia. Magari ya kitufe nayo yana hatari nyingine: injini ni tulivu, mtu anashuka na rimoti mfukoni akidhani amezima, kumbe gari linaendelea kuwaka. Mwaka 2018 gazeti la New York Times la Marekani liliripoti kwamba watu zaidi ya 20 walikuwa wamekufa nchini humo kwa njia hiyo tangu mwaka 2006. Kwa hiyo gari lisiwashwe kwa mbali likiwa chini ya paa lililofungwa, hata kama mlango wa gereji umeachwa wazi kidogo. Ukishuka, sikiliza injini na utazame dashibodi.

WEZI WA MAEGESHO, NA WATOTO TENA

Mwizi anaweza kusimama karibu na maegesho ya soko au ya kanisa akishikilia kifaa cha mawimbi yale yale, hata rimoti ya geti, wakati wewe unafinya kufunga. Gari halisikii. Wewe unaondoka ukipiga simu, yeye anafungua mlango taratibu. Dawa ni kuvuta mkono wa mlango kwa vidole vyako kabla ya kuondoka. Ukiwa na rimoti isiyofinywa, fanya hivyo rimoti ikiwa kwa mwenzako aliyesimama kando, kwa maana ukishika mlango ukiwa nayo utaufungua mwenyewe.

La mwisho ni zito kuliko mwizi. Betri ile bapa inafanana na sarafu, na mtoto mdogo akiimeza inaweza kunasa kooni na kuanza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu, hata ile iliyochoka ambayo haiwezi tena kufungua gari. Mtoto hutokwa na mate, hukataa kula, hukohoa, na pengine haonyeshi kitu. Ukihisi amemeza, nenda hospitali yenye eksirei saa hiyo hiyo. Usimtapishe, usimpe chakula wala maziwa. Ikiwa amepita mwaka mmoja, ameimeza katika saa 12 zilizopita na anaweza kumeza, mpe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Msikawie nyumbani kwa ajili ya kutafuta asali. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Betri ya zamani izungushieni selotepu pande zote na kuiweka juu mahali ambapo mtoto hafiki.

Kwa upande wetu, rimoti ya kwanza sasa inabaki kwa dereva, na ya pili iko kwa Sista ndani ya kopo lenye betri mpya na karatasi yenye maelezo ya kuwasha kwa kugusisha. Betri zinabadilishwa kila Januari, ziwe zimechoka au la, na fedha zake ziko kwenye bajeti ya zahanati, haziombwi tena ofisini. Dereva, Sista wa zamu na mlinzi wa usiku wote wamefungua mlango kwa chuma na kuwasha gari rimoti ikiwa haina betri. Mlinzi, ambaye hajui kuendesha, ndiye aliyefanya haraka kuliko wote. Mwenye gari anayetaka kuonyeshwa alete rimoti yake zahanati Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya pili. Dereva atakuwa nje chini ya mwembe, na bisibisi anayo.